Salamu za Asubuhi kwa Mteja wa Kanada

Kwetu Kalama, salamu ya heshima ni ya asubuhi, kabla hujashika jembe. Ukingoja mpaka mchana ndio unamsalimia mtu, hiyo ni kama kumpa chai ya jana.

Mimi ni meneja wa kikundi cha mama yangu cha kusuka viondo, vile vikapu vya mkonge. Nilichaguliwa kwa sababu niko na simu ya mtandao, na Kiingereza cha kidato cha pili, pale ambapo mimi na shule tuliachana kwa amani. Mteja wetu wa ng'ambo ni mmoja tu, mama wa Kanada mwenye duka. Yeye akinyamaza, akina mama wanarudi kuuza kando ya barabara Machakos mjini, mahali watu hushika kiondo, wanakisifu, halafu wanaenda zao.

Alipotuma oda kubwa, mama akasema, "Huyu tumsalimie kila asubuhi. Asifikirie tunapenda pesa zake tu."

Basi kila asubuhi, chai ikichemka, napiga. Hashiki.

"Jaribu tena," mama ananiambia, "labda bado anakamua ng'ombe."

Na mimi najaribu! Nilijiona mchapakazi kweli.

Siku moja akashika. Akauliza haraka, "Ni kuhusu mama?" Kabla nijibu, mama yangu alininyang'anya simu akapiga kelele, "Gudi moningi!" kwa furaha ya Jumapili. Simu ikakatwa.

Ujumbe ukafuata. Kwao ilikuwa katikati ya usiku. Mama yake amelazwa hospitalini, na simu ikilia usiku anajua ni habari mbaya. Tafadhali tusimpigie tena. Kuhusu oda hakutaja lolote.

Niliwasomea akina mama. Hakuna aliyecheka. Hata kwetu simu ya usiku haileti habari ya harusi.

"Meneja," jirani yetu akauliza, "kwani jua la huko hutoka saa ngapi?"

"Hiyo walifundisha nikiwa nimeshatoka shule."

"Na hiyo simu yako, nayo ilitoka shule?"

Simu ilikuwa inajua. Ni mimi sikuwa nimeiuliza. Watoto wetu wakirudi kutoka shule jioni, huko ndio anafungua duka.

Nilimwandikia pole, nikamwambia akitaka tutamsalimia wakati huo, na asipotaka tutaandika tu. Akina mama waliendelea kusuka, lakini macho yalikuwa kwa simu yangu, si kwa mkonge. Hata mimi nilianza kuogopa kwenda chooni nayo.

Halafu akajibu, "Sawa. Jioni yenu."

Siku hiyo sare za shule zilipoonekana tu barabarani, nikapiga. Akashika mara moja. Mama hakutaja viondo.

"Muulize mama yake ameamkaje."

Nikauliza. Nikaogopa tumeharibu tena. Halafu akasema, polepole, leo amekula kidogo. Akauliza kama kwetu mvua imenyesha. Mwishoni kabisa ndio akasema tuendelee na oda, na kwamba anapenda zaidi vile vya mistari myekundu.

Akina mama walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

"Mwambie alale salama," mama akasema.

"Mwaitu," nikamwambia mama, "huko ni asubuhi."

"Basi ashinde salama. Nyinyi wasomi mnapenda kubishana!"