Pemba ya Mapacha

Zamani hospitali ya kampuni ya migodi pale Shituru ilimfundisha mtoto wa kambi ya wafanyakazi kushona jeraha huku mama yake akimchungulia dirishani. Leo mtoto kama huyo hupandishwa ndege akasomee udaktari kwa watu wasiojua hata malaria. Habari hiyo ilimuudhi Mzee Mwepu, muuguzi mstaafu aliyejisomesha kwa vitabu vilivyotupwa na madaktari. Mapacha wake, Kyungu na dada yake Kabange, walikuwa wamekataliwa na chuo cha Lubumbashi, na njia yao ya akiba ilikuwa chuo cha ng'ambo.

“Mutauliza mugonjwa anaumwa wapi na luga gani?” mzee aliwafokea.

“Papa, daktari ni daktari tu,” alijibu Kabange. “Weye mwenyewe ulisema tusirudi nyuma.”

“Nilisema musikimbie!”

Hata hivyo, asubuhi ya safari alisaga pemba, udongo mweupe ambao kwao humfunga msafiri arudi nyumbani. Mapacha hawapakwi mmoja mmoja; ikimtoka mmoja, haimfungi hata wa pili. Aliwapaka kwenye paji la uso kwa pamoja, kila mkono na mtoto wake, kwa hasira kama anayepiga plasta ukutani.

Taksibisi ilipopiga honi, Kabange alitoa kitambaa akajifuta. “Ku aéroport batatucheka, papa.”

“Futa na jina langu basi!”

Kyungu hakujifuta, wala hakumkemea dada yake. Wakapanda. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mzee kuwaona, miaka tisa sasa: nyuma ya kioo chenye vumbi, paji moja jeupe, la pili limetakata.