Kaskazini ni Juu

Nilishtuka kuona kwamba Kakamega mjini, pamoja na maduka yake yote ya vitabu, hakuna aliyejua nilichotaka. Niliomba kampasi, nikapewa ile ya hesabu, ya kuchorea duara. "Si hiyo," nikasema. "Ya kuonyesha kaskazini." Muuzaji akaitazama suruali yangu ya kukimbilia kuanzia juu hadi chini, akauliza, "Madam, kwani umepotea?" Duka la pili, hadithi ile ile. Nilirudi Shinyalu nimenuna.

Nilikuwa naitafuta kwa ajili ya mume wangu. Daktari alimpata na kisukari, akamwandikia dawa, kisha akamwonya asikae kitako. Basi tukajiunga na kikundi kinachokimbia msituni Jumamosi asubuhi, kikianzia stesheni ya msitu pale Isecheno. Hawafuati njia hawa. Unapewa ramani, unaingia peke yako na dira shingoni, unatafuta vibendera vilivyofichwa kwenye miti. Mume wangu ni mkulima wa chai, shamba lake limepakana na ua wa shule ninayofundisha, na masomo aliyaacha darasa la tatu. Mimi ni mwalimu wa Masomo ya Jamii. Nikianza kueleza jambo, kuninyamazisha ni kazi.

Dira ya kwanza ilitoka kwa dada yangu aliyeko Ulaya: nzito, ya shaba, yenye kifuniko kama saa ya mfukoni. Ya pili alituletea mkufunzi wa kikundi, ya plastiki angavu, ukiiweka juu ya ramani unasoma ramani kupitia humo. Mkufunzi aliziweka mezani, mbali na simu zetu, akazizungusha. Mshale wa plastiki ulicheza kidogo ukatulia. Ule wa shaba uliinama upande mmoja, ukakwaruza chini, ukakwama.

"Hii ilitengenezewa kwao," akasema. "Huku kwetu mshale unavutwa tofauti, ndiyo maana unalala."

Sikuamini. Kitu kizuri vile! Nilikizungusha mara kumi, nikakitikisa, nikakitoa nje juani, na mshale ukazidi kukwaruza. Mwishowe nilikiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, nikamwomba mkufunzi atuletee nyingine ya plastiki. Kila aliyoileta niliipima. Mbili nilimrudishia kwa sababu zilikuwa na viputo vya hewa ndani, mpaka akaleta isiyo na kasoro. Nilitaka mume wangu awe na dira isiyoweza kumdanganya.

Wiki mbili nilimfundisha kila jioni kabla ya chakula. Mshale mwekundu ni kaskazini. Umeelewa? "Nimeelewa, Mwalimu." Ananiita hivyo tangu tuoane, nusu utani nusu heshima. Alikuwa akitikisa kichwa kwa upole mpaka nikajisifu moyoni kwamba hakuna mwanafunzi mzuri kama huyu.

Jumamosi yenyewe alivaa kaptula yenye mfuko mmoja mdogo. Alikuwa ametia humo peremende zake za glukosi, zile ambazo daktari alisema asitoke nyumbani bila kuwa nazo, maana sukari ikishuka anaweza kuanguka. Nilizitoa. Nilimwambia zitamkwaruza paja akikimbia, na safari ni dakika arobaini tu. Nikazitia kwenye mkoba wangu. Mimi, kwa mkono wangu huu.

Nilimaliza mbio zangu, nikanywa maji, nikangoja. Saa nzima ikapita. Simu ikalia.

"Niko kwa mti mkubwa umeanguka, hapa njia inagawanyika," akasema. Alikuwa anahema. "Niendee wapi?"

Nikautafuta mti ule kwenye ramani. Stesheni ilikuwa karibu mno, kaskazini kabisa ya pale aliposimama. "Fuata kaskazini. Dakika kumi utatuona."

"Kaskazini?"

"Kaskazini, baba watoto! Kaskazini tu, usigeuke."

"Sawa, Mwalimu." Simu ikakatika.

Dakika kumi zikawa thelathini. Nikampigia, hapatikani. Ndipo nilipoingiza mkono mkobani kutafuta kitambaa nikazigusa zile peremende. Nilipiga kelele mpaka mkufunzi na mwongozaji mmoja wa msitu wakaja mbio. Tuliingia msituni tukiita. Kwenye ule mti ulioanguka tuliona alama za viatu vyake, na mwongozaji akainama akazitazama kwa mshangao. Hazikuelekea stesheni. Zilitupa mgongo na kushika njia ya mlima, kwenda Lirhanda.

Tulipanda. Nilianguka mara mbili, nikaamka, sikumbuki maumivu. Nilikuwa natukana dira, naitukana plastiki, nailaumu ile mikono yangu iliyoichagua.

Tulimkuta kileleni kabisa, ameketi kwenye nyasi, jasho linamtiririka na mikono inatetemeka. Aliniangalia kana kwamba ananikumbuka kwa mbali. Nilimtia peremende mdomoni, moja, mbili, tatu, huku nalia bila aibu mbele ya wanaume wale. Dira ilikuwa imelala kiganjani mwake. Niliichukua nikiwa na hasira ya kuitupa bondeni. Mshale ulitulia, mwekundu, ukielekea stesheni tuliyotoka. Haukuwa na kosa lolote.

Rangi ilipoanza kumrudia usoni nilimuuliza, "Nilikuambia kaskazini. Ulikuja huku kufanya nini?"

Akashangaa. Kweli alishangaa, kuliko mimi. "Si nimefuata? Nimepanda mpaka juu imeisha." Akapumua. "Niko kwa chai miaka yote hii, nasikianga ukiimbisha watoto. Kaskazini ni juu. Kusini ni chini. Hiyo mshale nilikuwa sielewi, nikaogopa kukuuliza mara ya tatu. Lakini huo wimbo naujua."

Mkufunzi aligeuka akatazama pembeni. Miaka kumi na minane nimesimama mbele ya ramani iliyotundikwa ukutani, nikigonga ncha yake kwa rula: juu! Nasi kwetu juu ni juu, ni kule unakopanda ukitoka mtoni.

Tulimshusha polepole. Amepona, na siku hizi peremende ziko mfukoni mwake.

Jumatatu niliingia darasani nikiwa bado na mikwaruzo ya Lirhanda magotini. Niliitoa ramani ukutani, nikaikunja, nikaiweka chini ya meza. Kisha nikawaomba watoto, bila kuimba, bila kelele, kila mmoja anionyeshe kwa kidole kaskazini iko wapi.

Vidole vyote vikaelekea dari.