Sinia Chini ya Leso

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja pale Makongeni, wewe ukiwa bado tumboni, mimba ya miezi saba. Hadi leo nikiikumbuka napandwa na hasira upya, na sijui nimkasirikie nani. Baba yako mdogo Wafula? Mimi mwenyewe? Soma mpaka mwisho uniamulie.

Wafula alikuwa chuo kikuu akisomea fizikia. Siku hiyo alikuja kula chapati zetu, majirani wawili wakiwepo, na kama kawaida yake akala huku akihubiri. Akasema kuna darubini imerushwa juu angani, haitafuti mwanga, inatafuta eksirei. Imezipata kwenye galaksi zilizo jirani na yetu. Eti huko kuna nyota zilizokufa zinazonyonya gesi ya wenzao, na gesi hiyo ikianguka inapata moto kupita kiasi, inatoa eksirei zinazosafiri mpaka huku kwetu.

"Huku kwetu?" nikauliza.

"Ndiyo, shemeji. Hata sasa hivi." Akachukua chapati nyingine.

Sasa sikiliza. Wiki hiyohiyo nesi wa kliniki alikuwa ameniambia mwenye mimba asikaribie chumba cha eksirei. Ningemuuliza Wafula swali moja tu la pili. Sikuuliza. Katika laini yetu yote ya nyumba, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na cheti cha Form Four. Wanawake waliniletea barua niwasomee. Ningejifanya mjinga vipi mbele ya watu?

Basi nikajifungia ndani. Nikitoka kwenda mferejini, nafunga sinia la bati tumboni, juu yake leso. Kliniki nikakosa mara mbili. Ningetembeaje mwendo wote ule chini ya anga? Nilikuwa nakulinda, mwanangu. Ndivyo nilivyodhani.

Siku moja Bi Zena, jirani yetu muuza mahamri, akanigusa pale mferejini, sinia likalia.

"We mwanamke! Umebeba mtoto ama unapelekea wageni chai?"

Wote wakacheka. Nikamweleza habari za galaksi, na yeye akaacha kucheka. Alikuwa anatazama miguu yangu, imefura hadi ndara hazinitoshi.

"Hayo ya juu mimi siyajui," akasema. "Haya ya chini nayaona. Toa hilo sinia, twende kliniki."

Presha ilikuwa imepanda vibaya. Nesi akasema ningechelewa wiki moja zaidi, angekuwa anazungumza na baba yako peke yake. Ulizaliwa kabla ya siku zako, mdogo kama nusu mkate, na mwezi mzima nilihesabu pumzi zako.

Wafula akaja na sabuni ya mtoto. Nikamrukia kwa maneno juu ya zile eksirei zake.

"Lakini shemeji, hewa inazizuia zote! Ndiyo maana darubini ikapelekwa juu ya hewa. Ukiiweka hapa Makongeni haioni kitu."

"Na mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Ningempiga na lilelile sinia. Na mpaka leo nachanganyikiwa: kitu kinachopita kifua cha mtu mzima kinashindwaje na hewa, ambayo hata kuishika huwezi? Ananiambia hewa iliyo juu yetu ni nyingi mno, ukiirundika yote ni ukuta. Nusu imeniingia, nusu imekataa. Lakini sasa namuuliza kila akija, hata mbele ya wageni, mpaka chapati inampoa mkononi.

Jumatatu unaanza shule ya sekondari. Mwalimu akisema jambo likakuingia nusu, inua mkono. Wakikucheka, wacheke, mimi nilichekwa na sinia tumboni na bado niko hapa. Usiende nyumbani na nusu ya jambo ukajifungia nayo ndani. Na siku ukiwa wewe ndiye unayejua, maliza maneno kwanza, ndipo ule.

Mungu akupe mdomo usioona haya, na popote utakapochotea maji akuwekee Bi Zena wako wa kukutazama miguu.