Nilivyotumwa Ekalakala Kuona Jua Likisaga Mahindi

Safari hii sikuitafuta, nilitumwa. Wanawake wa mwethya yetu hapa Mitaboni, wale wanaosaidiana kuchimba matuta mashambani, ndio wenye poshomili ya soko, na walikuwa wamechoka na injini ya dizeli. Siku dizeli iko, bei inauma. Siku haiko, watu wanalala na mahindi mazima. Wakasikia wenzao wa Ekalakala wanasaga kwa sola.

Sasa, mwenye kuendesha hiyo injini ni mimi, Muasya, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikawaambia jua ni la kuanika maharagwe. Mama Nduku, mwenyekiti wao, akasimama mbele ya watu akasema, "Muasya anajua mashine, na ndiye hataki sola. Basi aende aone. Akirudi aseme ndiyo, tunanunua. Akisema hapana, tunanyamaza."

Mnaona huyo mama? Alinipa panga nikate tawi nililokalia. Nikisema ndiyo, injini inauzwa chuma kuukuu na mimi nabaki mzee wa kuota jua.

"Na nikiwadanganya?" nikamwuliza.

"Utudanganye na tumekulisha miaka yote hii? Jaribu tu."

Asubuhi nikaondoka na mfuko wa mahindi begani, kwa pikapu ya Kimeu, jirani yangu anayepeleka maparachichi Matuu. Mahindi yalikuwa mtego. Kwetu mama hutangulia kuweka maji ya ugali motoni, yakianza kuchemka ndiyo anakumbuka hana unga. Kwa hivyo poshomili hujaa jioni. Nikapanga nifike jioni, niseme, haya, sageni. Mashine isiyosaga jioni itawafaa nini watu wetu?

Kutoka Kangundo kuna miteremko, na kila mteremko Kimeu alizima injini tukashuka kimya kama mzoga wa ng'ombe.

"Kimeu, breki ziko?"

"Ziko, mzee. Hata Mungu yuko. Mafuta ndiyo hayako."

Ilikuwa kweli. Pale Tala pampu ya petroli ilikuwa imefungwa gunia kichwani kama mtu mwenye jino bovu, na mwenye pampu amekaa kivulini akicheza na simu. Tukangoja hapo mpaka nikala ndizi zote za njiani. Petroli ikaja, foleni ikaenda. Nikajiambia, hii ndiyo mali ninayoitetea? Lakini kichwa changu ni kigumu, hata mama mzazi alisema hivyo kabla sijaota meno.

Tukavuka Mto Athi, joto likaanza. Matuu Kimeu akashusha maparachichi yake, halafu akanisogeza hadi Ekalakala. Jua lilikuwa linazama. Vizuri sana, nikasema moyoni.

Poshomili yao inaendeshwa na dada yangu mdogo, Kalondu, aliyeolewa huko. Nilimkuta anafunga mlango, nikamsalimu kwa Kikamba.

"WIMUSEO, KALONDU!"

"Nimuseo. Mbona unanipigia kelele, Muasya? Nimekufa?"

Ni injini. Ukikaa nayo miaka mingi unaongea hivyo hata kanisani. Padri wetu amezoea, naungama na watu wote wanasikia.

Nikatua mfuko chini. "Nisagie haya. Maji yako motoni."

"Maji ya nani? Jua limelala. Ziko betri, lakini ni za taa na simu, haziwezi mota. Kesho."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Nimeshinda! Narudi nyumbani, hapana ni hapana."

"Umeshinda nini? Ingia ule kwanza, mwenye ushindi."

Akaniletea muthokoi. Kwa msomaji wa mbali, hayo ni mahindi yaliyokobolewa maganda, yakapikwa na maharagwe, na kwetu Ukambani mtu hajakula kama hajayala. Zamani mama zetu walitwanga kinuni mpaka mikono inatoa malengelenge. Haya ya Kalondu yalikuwa meupe, hayana hata ganda moja la kuning'inia kwa meno. Sahani ya pili nikauliza nani ametwanga vizuri hivi.

"Hakuna aliyetwanga. Nilikoboa kwa mashine jana saa ya jua kali. Na ugali watoto wanakula huko jikoni, unga wake ni wa leo mchana." Akanitazama. "Nyinyi Mitaboni mnangoja maji yachemke ndiyo mtafute unga. Sisi tuliacha. Jua limelala, Muasya, lakini kazi yake iko hapo kwa sahani yako."

Niliongeza chumvi, na chumvi ilikuwa inatosha.

Kesho yake jua likapanda, wanawake wakaja na madebe. Kalondu akabonyeza swichi. Nikangoja mashine iwake.

"Inawaka saa ngapi?" nikauliza.

"Shika unga."

Nikashika. Unga ulikuwa moto, laini, na yale yalikuwa mahindi yangu ya mtego. Mota inavuma kidogo tu kama nyuki ndani ya mzinga, na wanawake wanapiga umbea bila kupaza sauti. Jambo moja likanisumbua. Injini yangu ikinguruma husikika mpaka ng'ambo ya kilima, ndiyo tarumbeta ya soko. "Hii imenyamaza," nikasema. "Watu wanajuaje mmefungua?"

Mama mmoja mwenye debe akanishangaa. "Mzee, wanaangalia juu."

Nilirudi Mitaboni na unga begani. Mwethya ilikuwa imekaa kivulini, majembe chini. Njiani nilikuwa nimejaribu uongo mwingi, wote haukunikaa mdomoni. Nikasema, "NDIYO." Nikateremsha sauti. "Ndiyo. Lakini Ekalakala ni jua tupu. Sisi huku milimani, mwezi wa saba ukungu unakaa mpaka mchana. Siku hizo sola haitasaga. Msiuze injini. Ikae na dizeli kidogo, kwa ukungu tu. Na kuna kazi moja mimi siwezi kuwafanyia: mtaacha kuchemsha maji kabla ya kusaga."

"Kumbe tatizo ni sufuria zetu?" akasema Mama Nduku.

"Ni sufuria zenu."

Wakacheka, mmoja akanitupia kitambaa. Halafu Mama Nduku akasema, "Na wewe, swichi unaijua?"

Paneli za sola walizipandisha wenyewe, kwa mwethya, kama wanavyochimba matuta, wimbo mmoja na mikono mingi, na mimi chini nikitoa amri ambazo hakuna aliyeniuliza. Kila nikiziona zinameta juu ya bati la Mitaboni, shingo yangu inarefuka, nasema wazi. Kama mafuta yatakwisha duniani kote, sijui. Mimi nimefika Ekalakala tu. Ila muthokoi wa soko letu sasa haunuki dizeli.

Juzi mama mmoja akapaza sauti kutoka barabarani, debe kichwani, "Mzee Muasya! Leo poshomili iko wazi?"

Mimi siku hizi sipigi kelele. Nilinyoosha tu kidole juu.