Siku Niliyompeleka Kaka Yangu Bwawani

Kaka yangu hakuwahi kuniona nikifanya kazi yangu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaongoza watalii kwenye ziwa kule Naivasha kwa kayaki, ule mtumbwi mwembamba ambao unakaa ndani yake umenyoosha miguu, ukipiga kasia kulia na kushoto. Nyumbani kwetu Boito, kwenye chai, watu walijua tu kwamba naenda majini na wazungu. Mama alisema hiyo si kazi ya msichana. Kaka ndiye aliyenitetea. "Mama, mwache aende," alisema. "Sote tukibaki hapa kuchuma majani, nani atatuletea habari?"

Mwaka jana koo lake likaanza kukataa chakula. Kwanza ugali, kisha viazi, mwishowe hata ndizi iliyopondwa. Hospitali walisema ni saratani, na kwamba imekaa sana. Wakamwekea kijibomba kooni ili angalau maziwa na uji vipite. Huyu alikuwa mtu wa kubeba gunia la majani mabichi mpaka kituo cha kununulia bila kupumzika njiani. Nilipokuja likizo mwezi wa Agosti nilimkuta suruali ameifunga kwa kamba.

"Umekuja na hiyo kitu?" aliniuliza kabla sijaketi.

Nilikuwa nimekuja nayo. Aliniomba kwa simu, nami nikaazima kazini kayaki ya kujazwa upepo, ya watu wawili, ambayo inakunjwa na kuingia kwenye mfuko. Mama alipoiona imetandazwa uani alidhani ni hema. Alipoambiwa ni ya nini, aliweka ndoo chini.

"Mgonjwa umpeleke majini? Na akianguka?"

"Nitamvalisha jaketi ya kuelea, mama. Hata akianguka hazami."

"Na baridi je?"

Kaka akajibu polepole, kwa ile sauti ya kukwaruza aliyokuwa amebaki nayo. "Mama, mimi nataka kwenda."

Mama hakubishana tena. Aliingia jikoni, akajaza uji kwenye chupa, akachukua blanketi na kutufuata.

Tulienda asubuhi, maana kwetu mchana ukipita mvua haikosi. Bwawa liko bondeni, na chai imeshuka mpaka karibu na maji. Wachumaji wa upande wa pili walinyoosha migongo wakatutazama. Mama aliketi kwenye nyasi, akatandika blanketi mapajani mwake kana kwamba tayari amempokea mwanawe.

Nilimkalisha kaka mbele. Alishika kingo kwa mikono yote miwili.

"Hii kitu itanibeba kweli?"

"Imebeba wanaume wenye matumbo makubwa. Achilia hapo, shika kasia."

Mwanzoni tulizunguka mahali pamoja, kwa sababu alipiga upande mmoja tu, kama mtu anayepalilia. Nilipomwambia hivyo alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Mama akasimama. Nilimpungia mkono kuwa ni sawa, akaketi tena. Baadaye kaka alishika mwendo, kulia, kushoto, bila haraka. Nikiwa nyuma yake niliona mifupa ya mabega ikisogea chini ya sweta.

Tulipofika katikati aliweka kasia mapajani.

"Huku mama hasikii?"

"Hasikii."

"Mimi sirudi hospitali."

Hakugeuka kunitazama.

"Daktari anataka nianze dawa tena. Ile ya kwanza iliniangusha kitandani, na koo bado ni lile lile. Mama ameuza ng'ombe wawili, amebaki na mmoja. Nimemsikia akiongea na mnunuzi. Akiuza huyo, mimi nitakufa, na yeye atabaki akinywa chai ya rangi."

"Usiseme hivyo."

"Sasa niseme wapi? Nyumbani nikifungua mdomo tu, anaanza kuomba."

Kazini nimefunzwa la kufanya mtu akipinduka, au akishikwa na hofu katikati ya ziwa. Pale sikujua la kufanya. Nilimwekea mkono mgongoni nikasikia pumzi yake ikipanda na kushuka kwa shida.

"Unataka nimwambie mimi?" niliuliza.

"Wewe ndiye unaweza. Mimi nikimwangalia usoni nitakubali kila kitu."

Kisha akashika kasia. "Twende mpaka kwenye yale matete, halafu unirudishe."

Tulipofika ukingoni mama alimfunika blanketi. "Mlikuwa mnaongea nini huko?"

"Ananifunza kugeuka," kaka akasema, akapokea kikombe cha uji.

Nilimwambia mama kesho yake asubuhi, akikamua. Hakuacha kukamua. "Nilijua," alisema. "Siku hizi haulizi tena kliniki ni lini." Baada ya muda mikono yake ilisimama. Akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akalia bila sauti. Nami nilisimama mlangoni mwa zizi, sikuthubutu kumgusa. Mnunuzi alipokuja wiki hiyo, mama alimwambia arudi zake.

Kaka alifariki mwezi wa Oktoba, alasiri moja ya mvua ya mawe. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, kwa hiyo nilikuwepo. Mabati yalipiga kelele kiasi kwamba hatukusikia pumzi yake ya mwisho. Tuliona tu kifua kimetulia. Mama aliendelea kumsugua miguu ipate joto mpaka mvua ilipokatika na majirani wakaanza kuingia.

Tulimzika upande wa juu wa shamba. Hadi leo mama akielekea nje asubuhi hupunguza hatua anapofika mlango wa chumba cha kaka, kama alivyozoea alipokuwa akimwamsha. Nikiwa nyumbani nasikia hatua hizo zikikawia pale. Nalala tu, macho wazi, mpaka apite.