Robo Nne kwa Siku

Asubuhi za Timau, ukungu ukiwa bado umelalia ngano, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzungusha nati kwenye mguu wa binti yangu. Usicheke. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya pete tatu za chuma, na nyaya zilipenya nyama hadi kwenye mfupa. Mimi, na spana namba kumi mkononi, ndiye niliyekuwa fundi.

Alikuwa mdogo sana mfupa ulipoingia usaha. Kipande kilikufa, kikatolewa, mguu ukabaki mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Alipofika miaka kumi na minne, daktari mmoja wa Meru mjini aliukata mfupa pale palipokuwa pazima, kisha akatuambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona kama niliota. Mkizitenganisha hizi ncha mbili polepole, alisema, mwili wenyewe utalijaza pengo kwa mfupa mpya. Robo mzunguko, mara nne kwa siku. Hiyo ni milimita moja.

"Usipunguze na usiongeze, mama. Mfupa mchanga ukiharakishwa haushiki. Na kuukata mfupa huu tena, sijui kama mguu utastahimili."

Nilimsikia. Masikio ninayo.

Lakini mimi ni mtu wa haraka, sina dawa. Kule shamba la maua nafunga boksi mbili mwenzangu akihangaika na moja, na mtu akizubaa mbele yangu namwambia asonge. Shule ya bweni ilikuwa karibu kufunguliwa. Kila nilipofumba macho nilimwona mtoto wangu akivuka uwanja na vyuma vyake, wenzake wakigeuka kumtazama, na roho iliniuma. Nikaongeza robo ya tano. Siku nyingine ya sita.

Yeye alikuwa akitazama dirishani nilipozungusha, ameshika ukingo wa kitanda.

"Unaumia?"

"Kidogo tu, Mama."

Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Wiki zile nilitembea kama niko usingizini. Nikiwa kazini, mikono ikifunga maua, nilikuwa nawaza kule ndani ya mguu, mahali pasipo na mwanga wala sauti, kitu kinakuja kutoka pasipo na kitu. Nilitabasamu peke yangu hadi wenzangu wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Siku ya kliniki daktari alipachika picha kwenye taa. Mfupa juu, mfupa chini. Katikati palipaswa kuwa na wingu jeupe, lakini palikuwa peusi, na vijiuzi viwili vitatu tu. Daktari akavua miwani.

"Nani ameongeza?"

"Mimi," binti yangu akasema. "Nilikuwa naongeza Mama akienda kazini."

Ala! Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akamgombeza yeye. Nilikaa nikitazama viatu vyangu. Aibu ile ninayo hadi leo, wala siifichi.

Tukaambiwa turudishe nati nyuma, robo kwa robo, hadi urefu wote tulioupata kwa pupa upotee, halafu tungoje. Shule ikafunguliwa bila yeye. Nilizungusha kama nilivyoagizwa, nikimwomba Mungu moyoni.

Tuliporudi kliniki, wingu lilikuwa limekuja. Jembamba, kama maziwa yanapoanza kuingia kwenye chai, lakini limetoka juu hadi chini. Nililia mbele za watu kama mtoto. Daktari akaanza kumsifu binti yangu, kwamba safari hii amesikia, amekuwa na subira. Hapo nikashindwa.

"Daktari, aliyeongeza ni mimi."

Hakushtuka hata kidogo.

"Najua, mama, nilikuwa nakungoja useme. Pengo lile kwenye picha lilikuwa la robo tano, sita kwa siku, na hakuna mtu anayeweza kujizungushia hivyo mwenyewe. Maumivu yangemzuia mkono."

Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na hakuinua uso.