Maharage Yaliyoshiba Maji

Mjukuu wangu wa kike anasoma sekondari hapa Iringa, na jioni hukaa jikoni kwangu Mlandege akisoma historia kwa sauti. Juzi alisoma habari za watu wa kale kabisa, wa huko kwenye mito mikubwa, waliofinyanga, waliofua shaba, waliolima shayiri, na wakabadilishana vitu kabla sarafu haijazaliwa. Mtu anatoa nafaka, anapewa chungu. Akaniuliza, "Sasa bibi, walijuaje kipi kinatosha kwa kipi?"

Nikamwambia chungu chenyewe kinasema. Akacheka, akadhani namtania. Mimi sina utani. Nilikwisha kuwa mke wa mtu huko milimani, kusini ya Mbeya, wakati biashara ya namna hiyo bado inafanyika mlangoni kwetu, miaka ile ya hamsini. Na mimi nikaiharibu. Hilo sikumwambia mtoto. Naliandika, maana kulisema nimeshindwa.

Mambo yalikuwa hivi. Kila kiangazi, maharage yakishaanuliwa, alikuja mama mmoja mfinyanzi kutoka Ziwa Nyasa. Siku mbili anapandisha milima, vyungu vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, mzigo kichwani. Kwao udongo ni mzuri lakini maharage hayastawi. Kwetu maharage yanastawi lakini udongo wetu ukiuchoma unapasuka. Basi ukitaka chungu, unakijaza maharage mpaka mdomoni, kisha unayamimina kwenye gunia lake. Maharage yanakuwa yake, chungu kinakuwa chako. Chungu kidogo, bei ndogo. Chungu kikubwa, jipange. Hapakuwa na kubishana. Pesa zilikuwepo, tusidanganyane, na maduka ya Wahindi yalikuwepo, lakini yule mama shilingi hakuitaka. Alisema shilingi haichemki ikaiva.

Nyumba nyingine alipofika aliuma punje mbili tatu kwa jino, kuona kama zimekauka. Kwa mama mkwe wangu hakuuma. Alilala kwetu, alikula kwetu, waliitana dada. Kuuma punje katika nyumba ile ingekuwa kama kumwambia mwenyeji fungua mkono nikukague.

Akitoka kwetu alivuka kijito kwenda kwa mjane mmoja, mama mwembamba asiye na mtoto aliyebaki. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yake ya mwisho. Chungu kimoja kidogo, maharage kidogo asiyoona haja ya kuyauma, juu ya yale ya kwetu, anafunga gunia, anateremka.

Mwaka nilioiharibu biashara hiyo, mama mkwe alinipa ruhusa. "Mwaka huu chukua chungu chako cha pombe," aliniambia. "Umechosha changu kwa kukiazima. Upike pombe yako, uite watu wakulimie, mume wako akirudi kutoka machimboni kusini akute shamba, asikute hadithi." Kwa mke mgeni hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwanamke asiye na chungu cha pombe haiti watu. Asiyeita watu analima peke yake.

Lakini maharage ya fungu langu nilikwisha kuyapunguza. Nilikuwa nimeyapeleka Mbeya dukani, nikarudi na kanga jozi moja. Mama mkwe nilimwambia kanga nimetumiwa na mume wangu. Mnaona nilivyoanza.

Basi siku mfinyanzi alipofika, nikaona chungu nilichotengewa ni kikubwa kama ng'ombe aliyelala, na maharage yangu hayafiki hata shingoni mwake. Nikayaloweka. Maharage yakishiba maji hunenepa, kila mwanamke anajua. Jioni nikayatia maji, jogoo alipowika nikayatoa, nikayapunga kwenye ungo mpaka maganda yakakauka juu. Ukiyaona utasema maharage. Machache makavu nilikuwa nimeyaweka kando, nikayatandaza juu.

Asubuhi mfinyanzi alikuwa anakula ndizi na mama mkwe. Alipaswa kusimama aone. Ndiyo haki yake.

"Jaza tu mwanangu," alisema. "Mimi nakula. Ndizi za dada yangu siziachi zipoe kwa ajili ya maharage."

"Usimzoeshe vibaya," mama mkwe akamwambia. "Hawa wa siku hizi ukiwapa kisogo wanakuuzia mawe."

Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka. Nikajaza, nikamimina kwenye gunia lake, akainuka akanishika bega, akasema ndaga, ndiyo asante ya kwetu. Akavuka kijito kwa mjane, kisha akashuka zake.

Pombe nilipika. Watu walikuja, shamba likalimwa. Nilisifiwa.

Kiangazi kilichofuata akaja. Alikaa palepale anapokaa siku zote, akaletewa maharage ya mama mkwe kwenye ungo, akachukua punje, akaitia mdomoni, akauma. Kakh! Nilisikia mpaka nilipokuwa, penye mafiga.

Mama mkwe aliusogeza ungo kando. Halafu akasema, "Tangu lini unauma kwangu?"

"Nisamehe dada. Ni woga."

"Woga wa nini? Umeona mchawi hapa?"

Ndipo akaeleza. Gunia lile la mwaka uliopita lilipata joto njiani. Alipolifungua nyumbani lilikuwa linachipua lote, linanuka. Alijaribu kuwapikia watoto, wakaharisha siku tatu. Mengine akayamwaga ziwani. "Hata samaki wamekataa," alisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Miezi ile wamekula mihogo mitupu na dagaa. Vyungu vya msimu mzima, kazi ya mikono yake, vilikuwa vimeingia katika gunia lile.

"Mtu aliyaloweka," alisema. "Sikusemi wewe, dada. Wewe nakujua. Lakini nyumba ambazo sikuuma ni mbili tu."

Mama mkwe akanigeukia. Alikuwa mwanamke mkali lakini wa haki, asingenihukumu bila kuniuliza. "Wewe ndiye uliyejaza. Yalikuwaje?"

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi, ningeweza kupita. Ningepigwa, ningerudishwa kwetu labda, kanga ningevuliwa. Ningekuwa mtu.

"Yalikuwa makavu, mama," nikasema.

Wote wawili wakatazama ng'ambo ya kijito.

Mfinyanzi alipoondoka hakuvuka. Alipita njia ya juu. Mjane alikuwa amekwisha kufagia uwanja wake, amekaa nje na kikapu cha maharage mbele ya miguu yake, yuko tayari. Akamwona anapita. Alinyanyua mkono kumwita, akadhani hajaonwa, akanyanyua tena. Kisha akabaki anauangalia mkono wake.

Nilivumilia siku tatu. Ya nne nikajaza kikapu maharage, makavu, nimeyauma mwenyewe, nikampelekea. Nilikusudia kusema. Nilimkuta anapika kwenye chungu chake cha zamani kilichopasuka, amekilaza motoni kwa upande usiopasuka ili mchuzi usitoke.

"Haya ni ya nini?" akauliza.

"Ya bure tu, mama."

"Bure? Kwani kuna msiba kwetu?" Akacheka kidogo, akapokea kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, wewe uko nyumba anayolala. Mama wa ziwani nimemkosea nini? Hukusikia neno?"

Nikasema, "Sijasikia, mama."

"Basi ni macho. Sote tunazeeka. Mwakani nitasimama njiani kabisa, anikanyage."

Nilitaka kuondoka na kikapu changu, akakishika. Kwetu kikapu cha mtu hakirudi kitupu, hiyo ni aibu kwa mwenye nyumba. Akaingia ndani, akakijaza magimbi mpaka juu, yale makubwa, na nilipokataa akaniambia nisimdharau kwa sababu ni maskini. Nikajitwisha.

Mama mkwe aliyapika jioni ileile. Alimenya moja, akatafuna, akasema, "Yule mwizi, ndiyo, lakini magimbi anajua kulima. Kula, mbona huli?"

Nikala. Mwaka uliofuata mjane alisimama njiani kama alivyosema, na mfinyanzi akamzunguka. Baadaye mume wangu akapata kazi Iringa, tukahama, na mimi bado sijafungua mdomo. Mama mkwe, mfinyanzi na mjane, wote watatu wamekwisha kufa.